Kipupwe kianze Juni 1 au Juni 21?

Kila mwaka ifikapo Juni 20 au 21, mitandao hujaa taarifa kwamba leo ndiyo siku ya kwanza ya baridi kusini mwa ikweta. Taarifa hiyo humkuta mkazi wa Makete, wilaya ya milimani mkoani Njombe, keshavaa koti zito muda mrefu. Je, solistasi, yaani siku jua linapofika ukomo wake wa kaskazini na kuanza kurudi, ndiyo ifungue msimu wa baridi?

Wanaoitetea hawabahatishi. Tarehe hiyo haitegemei maoni ya mtu na inahesabika hadi dakika: mwaka 2026 ni Juni 21, saa 5:24 asubuhi kwa saa zetu. Kwa nchi za mbali na ikweta ina mantiki pia. London mchana hushuka chini ya saa 8 mwezi Desemba na kupita saa 16 mwezi Juni. Huko kupungua kwa jua ndiko kunakoleta baridi, na kwa kuwa bahari na ardhi huchelewa kupoa, makali huja baada ya solistasi.

Mbeya iko karibu nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta. Mchana mfupi kuliko yote ni wa takriban saa 11 na dakika 36, na mrefu kuliko yote ni wa saa 12 na dakika 38. Hiyo ni tofauti ya saa moja, haitoshi kumvalisha mtu koti. Baridi yetu inatokana na mwinuko (Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, uwanda wa Kitulo kama 2,600), upepo wa kusi, na zaidi ya yote anga kavu. Mvua zikishakatika, usiku hauna mawingu ya kuzuia joto la ardhini lisipotee angani. Hilo hutokea kabla ya solistasi.

Ukitaka kuona kanuni hiyo inavyokwama, igeuze. Desemba 21 ingekuwa mwanzo wa joto, wakati Mbeya joto hukolea Oktoba na Novemba: jua hupita utosini katikati ya Oktoba na mvua hazijashika. Desemba mawingu yameshalipoza.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa Juni, Julai na Agosti, yaani kuanzia Juni 1. Miezi mizima hurahisisha kulinganisha takwimu za mwaka na mwaka, na kwa nyanda za juu naona hesabu hiyo inakaribia zaidi hali halisi. Lakini nayo ni tarehe ya ofisini. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na Kitulo hupewa kipupwe kimoja, ingawa huko chini blanketi moja jepesi latosha.

Mkulima wa viazi au parachichi hawezi kungoja tarehe yoyote kati ya hizo. Aangalie jioni yenyewe: anga jeupe, upepo umetulia, hewa kavu. Kipimajoto kilichowekwa usawa wa kifua kikisoma nyuzi 3 alfajiri, majani yaliyo chini yanaweza kuwa yameganda tayari, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kukaa bondeni. Ndiyo maana shamba la bondeni huungua na la mteremkoni likapona. Udongo umwagiliwe mchana, maana ulio na maji hutunza joto kuliko mkavu. Miche ifunikwe kabla jua halijazama, kifuniko kisiguse majani, na kifunguliwe jua likichomoza. Kosa la kawaida ni kurundika matandazo mazito chini ya mche kwa nia njema: yanazuia joto la udongo lisipande, na jani linaganda upesi zaidi.

Solistasi ina kazi yake kwa anayefunga paneli za sola. Siku hiyo, mnamo saa 6:48 mchana, jua la Mbeya liko kaskazini, nyuzi 58 hivi juu ya upeo, na mti wa mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 1.9 kuelekea kusini. Hicho ndicho kivuli kirefu kuliko vyote vya adhuhuri kwa upande huo. Paneli iliyo kusini mwa mti ikipona siku hiyo, adhuhuri nyingine zote za mwaka itapona, ilimradi mti usiendelee kukua.