Nyeupe Gani, Mzee?

Imetangazwa. Ndivyo alivyoniambia mama watoto asubuhi, simu mkononi, hata chai hajaimimina. Nikadhani ni mambo ya mwezi, maana kwetu kinachotangazwa ni mwezi, na hapo penyewe hatuelewani. Kumbe ni rangi. Rangi ya mwaka huu, bwana, ni nyeupe, na nyumba ambayo si nyeupe imepitwa na wakati.

Ipo kampuni Marekani, huko New Jersey, jina lake Pantone. Tangu 1999 wao kila mwaka ukikaribia kumalizika wanatoa rangi ya mwaka unaokuja. Walianza na buluu ya mbingu kwa mwaka 2000. Mwaka 2021 wakatoa mbili kwa mpigo, kijivu na manjano, kila mtu agombane na mkewe atakavyo. 2024 ikawa pichi. 2025 kahawia, wakaiita Mocha Mousse. Hii ya 2026 inaitwa Cloud Dancer, yaani wingu linacheza ngoma, na ukiitazama ni nyeupe. Nyeupe hii hii ya shuka ya hospitali.

Pichi naijua vizuri, na kahawia naijua, kwa sababu zote ninazo. Njoo uone nyuma ya kochi langu, pamebanduka pakubwa kama sahani ya wali. Juu kahawia, chini yake pichi, chini ya pichi kijivu, na ndani kabisa chokaa aliyoipaka babu, ambayo ni nyeupe. Nikamwambia mke wangu, basi tubandue tu, tutakuwa tumeshafika. Hakucheka.

Nyumba yenyewe ni ya urithi, Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja. Warithi wote wana rai juu ya rangi. Mwenye rai juu ya bei ya ndoo hajapatikana.

Nikaenda Mwanakwerekwe. Daladala nalo lina hadithi yake, siisemi. Nikaingia dukani na kofia yangu na kanzu iliyopigwa pasi, mtu mzima, nikatoa salamu, nikasema kwa heshima zote, "Mwanangu, nipatie rangi nyeupe, ndoo moja kubwa."

"Nyeupe gani, mzee?"

Nikamtazama. Kijana wa watu, ndevu zimechongwa kwa rula, hana hata dalili ya mzaha. Nikamwambia nyeupe ile nyeupe. Akavuta kitabu chini ya meza, akakifungua, kikaendelea kufunguka mpaka kikamgusa mteja wa pili aliyekuja kununua msasa. Nyeupe tupu. Nyeupe ya maziwa, ya pembe, ya pamba, ya ganda la yai, ya lulu, ya mchanga. Nilivaa miwani, nikavua, nikavaa tena. Wallahi zote moja.

"Hii ina joto," akanionyesha. "Na hii ina baridi."

"Nipe yenye baridi," nikasema. "Kaskazi hii, nani anataka joto?"

"Hapana, mzee, inategemea. Nyumba yako inaangalia wapi?"

"Inaangalia nyumba ya jirani. Nikinyoosha mkono dirishani namchukulia mkate mezani."

"Mwanga unaingia saa ngapi?"

"Saa sita na robo mpaka saa sita na nusu. Jirani asipoanika."

"Na taa zako ni za njano au nyeupe?"

"Zangu ni zile zinazozimika."

Wa msasa akacheka, akavuta kiti. Nikajua hapa siondoki. Kijana akaniambia siku hizi hawapaki kuta zote sawa, ukuta mmoja unaachwa uwe na rangi yake, ndio unaobeba chumba. Nikamwambia mwanangu, ukuta wa kubeba chumba ninao, umebeba na ghorofa mbili juu yake, na mafundi wote wameshaniambia nisiuguse. Akasema basi leta picha ya ukumbi, kuna programu inapaka kwenye simu, unaona kabla hujanunua. Picha niliyokuwa nayo ni ya Idi. Programu ikapaka ukuta, ikapaka pazia, ikapaka fremu ya marehemu babu, ikampaka na mama mkwe aliyekaa pembeni na kisahani chake cha kaimati. Nyeupe pepe. Imebaki kaimati.

"Imependeza," akasema kijana.

Bi mmoja nyuma yangu akatia neno, chukua ya pembe, baba, haionyeshi uchafu. Wa msasa akasema ya pembe inazeesha nyumba. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mie nimesimama katikati na noti zangu, siulizwi.

Nikaona heri nikubali. Kijana akachukua ndoo, akaifungua, ndani mna rangi nyeupe. Nikafurahi, nikanyoosha mkono. "Bado, mzee." Akaiweka chini ya mashine, akabonyeza kompyuta, likadondoka tone jeusi. Kisha la manjano. Kisha jeusi tena. Nikamuuliza unafanya nini? Akasema anaitengeneza iwe nyeupe. Na hayo matone yana bei yake! Na ikishachanganywa hairudishwi!

Sasa hapa utani nauweka pembeni. Hasira yangu si ya matone. Ukuta wangu ni wa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, na nyumba nyingi za zamani za Mji Mkongwe zimejengwa hivyo. Ukuta wa namna hiyo unavuta maji na kuyatoa, masika unakunywa, kiangazi unakauka. Chokaa inauacha upumue. Hizi rangi za plastiki zinaufunga pumzi, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inasukuma, rangi inavimba mapovu, inadondoka vipande vipande ndani ya mchuzi. Ndiyo maana kila mwaka napaka, na kila mwaka nabandukiwa, si kwa sababu ya mitindo ya mtu. Kinachotakiwa ni chokaa ya tanuri, iliyozimwa vizuri ikakaa majini muda wake, na fundi anayeijua. Huyo fundi nimemtafuta. Nimeambiwa yuko hotelini, na akimaliza hoteli hiyo anangojwa na nyingine. Wageni wanalala ndani ya chokaa ya wazee wetu kwa dola, mwenye nyumba anapakiwa plastiki.

Na wageni nao! Juzi mmoja kasimama kichochoroni, kamera dirishani, anapiga picha pale pale nyuma ya kochi. Namwambia samahani, pamebanduka. Ananiambia pazuri sana, nisipaguse. Mke wangu akasikia. Kakubali kwa dakika nzima kwamba tuna ukumbi wa kisasa, mpaka kipande kikaanguka.

Shemeji yangu wa Tunguu yeye hana tabu hizi. Kajenga kwa matofali, kaweka dari ya jipsam, na ndani ya jipsam kazungushia taa zinazobadilika rangi zenyewe, haulizi Marekani wala Mwanakwerekwe. Tulikwenda kumtazama mtoto wao mchanga. Nikaletewa uji. Nimeanza kuunywa nikiwa kijani, nimefika katikati mwekundu, mtoto anapakatwa zambarau na hakuna anayejua kama kafanana na baba au mama. Nikauliza choo kiko wapi. Nikaambiwa subiri iwe bluu, utauona mlango.