Barua ya Mistari Mitatu

Tunawalaumu vijana wetu wa Mombasa kwamba hawashindanii skolashipu kubwa za nje. Wanashindania. Wanaowaangusha mara nyingi ni sisi wakubwa tunaoombwa kuwaandikia barua za mapendekezo.

Mwaka jana binti mmoja wa Kisauni aliitwa kwenye mahojiano ya Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, akatakiwa kupeleka barua mbili. Moja iliandikwa na mhadhiri aliyemsomesha miaka minne: “Nathibitisha kuwa aliyetajwa hapo juu alikuwa mwanafunzi wetu. Ana nidhamu na bidii. Msaada wowote atakaopewa utathaminiwa.” Basi. Hakuna hata neno kuhusu mradi wake wa mwisho, wa kupima chumvi kwenye visima vya mtaani kwao, ambao mhadhiri huyohuyo aliusimamia na kuupa A. Ukibadilisha jina, barua ile inamfaa mwanafunzi yeyote.

Na ushindani wenyewe si mchezo. Rhodes, ya kusomea Oxford, huchukua Wakenya wawili tu kwa mwaka. Chevening hawakutazami kama hujafanya kazi saa 2,800, yaani kama miaka miwili. Hapo kila mwombaji ana alama nzuri. Anayesoma fomu hamjui mtoto wetu, anataka kusikia kwa mtu aliyemwona akifanya kazi.

Mji huu unajua mkubwa akimsimamia kijana inakuwaje. Ali Mazrui, yule msomi mashuhuri wa siasa aliyezaliwa hapahapa mwaka 1933, alimaliza skuli na gredi ya tatu, Makerere wakamkatalia. Akawa mfanyakazi pale MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku ya Maulidi alitoa hotuba gavana wa kikoloni wa Kenya akiwepo, na gavana aliyemsikia kwa masikio yake akamsaidia kupata ufadhili. Akaenda Uingereza, akasoma Manchester, mwishowe akapata udaktari Oxford. Makerere ileile ikaja kumpa uprofesa.

Najua wahadhiri wana madarasa yaliyofurika, na mishahara yenyewe huchelewa. Lakini kijana wa Pwani amelelewa kuwa na haya. Hawezi kumwambia mwalimu wake, “Tafadhali nitajie ule mradi wangu,” ataonekana hana adabu. Kwa hivyo mwalimu, wewe ndiye umuulize. Mwambie akuletee karatasi moja yenye kazi alizozifanya na tarehe zake, uandike kile ulichokiona wewe mwenyewe. Kama huna nafasi, mwambie mapema akamtafute mwingine. Kumwandikia ili mradi tu ni kumharibia.

Wako wahadhiri hapa mjini wanaomkalisha kijana ofisini nusu saa, wamsikilize kwanza, ndipo waandike. Kila anayekuja kwangu namwelekeza kwao, na sasa wamelemewa, maana ni wachache mno.