Acheni kusugua shaba ya wenyewe

Mama yangu alikuwa na sinia na dele la shaba, na kila Alhamisi jioni alitutoa uani mimi na dada yangu tuvisugue kwa ukwaju na majivu mpaka tujione meno. Kwetu Tanga shaba iliyofifia ni aibu ya mwenye nyumba. Mgeni akiiona atasema hapa hakuna watoto wa kike, au wapo na hawaambiliki. Kwa hiyo nilipohamia Lyon, Ufaransa, na kununua kitu changu cha kwanza cha kale, kigogo cha mbao chenye matundu na ndani yake mawe ya mizani ya shaba, kuanzia la gramu 1 hadi la gramu 500, nilifanya nilivyolelewa. Nilikata ndimu, nikachukua chumvi na kitambaa, nikasugua Jumapili nzima. Yaling'aa kama dhahabu.

Wiki mbili baadaye nilimwonyesha mzee mmoja ambaye amekusanya vipimo vya Kifaransa tangu ujana wake. Alilichukua jiwe la gramu 200, akaligeuza chini ya kioo cha kukuzia, akaligeuza tena, kisha akaniuliza taratibu: "Herufi ziko wapi, binti yangu?"

Sikujua kama palikuwa na herufi. Ufaransa mfanyabiashara aliyepimia watu kwa mawe alilazimika kuyapeleka yakaguliwe, na mkaguzi aliyeridhika aligonga juu ya jiwe herufi ndogo ya mwaka ule. Mwaka uliofuata herufi nyingine. Jiwe lenye herufi nyingi lilikaa dukani miaka mingi likipima sukari na siagi ya watu. Lenye herufi moja huenda lilifungiwa kwenye mtoto wa meza. Mawe ya chuma ya pembe sita, yale yenye pete ya kushikia, yana risasi iliyomiminwa kwenye tundu la chini, na mihuri iko kwenye risasi hiyo laini. Ukisugua, unakuwa umefuta daftari la maisha ya kile kitu. Isitoshe, unakuwa umepunguza chuma chenyewe. Jiwe langu limeandikwa gramu 200 na gramu 200 halina tena. Nimelifanya liseme uongo, nalo lilitengenezwa kwa kazi moja tu ya kusema kweli.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wenzangu wengi hapa hawaupendi, na ninauandika ili Waswahili wanaoanza kuvutiwa na mambo haya wasirudie nililolifanya: chombo cha kale cha kupimia hakisuguliwi. Si kwa ndimu, si kwa dawa ya Brasso, si kwa mashine, hata kama muuzaji anasema atakusafishia bure.

Nitaeleza kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito. Vyombo hivi vilitoka kwenye nchi iliyojaribu, kuliko nyingine yoyote, kuufanya upimaji uwe wa haki. Kabla ya Mapinduzi ya 1789 Wafaransa walikuwa na vipimo vya kila mji na kila bwana, mambo ambayo bibi zetu waliokulia kwenye kibaba, pishi na frasila wangeyaelewa mara moja. Mwaka 1792 wanajimu wawili, Delambre na Méchain, walitumwa kupima mstari wa dunia kutoka Dunkerque, kaskazini mwa Ufaransa, hadi Barcelona ili mita itokane na dunia yenyewe, sehemu moja kati ya milioni 10 ya umbali wa kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Walibeba duara la kupimia pembe lililobuniwa na Borda na kutengenezwa na fundi Lenoir, wakapanda nalo minarani na milimani kwa miaka karibu saba katikati ya vita. Mita ya platini ilikabidhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa Juni 1799.

Méchain alipokuwa Barcelona vipimo vyake viwili havikukubaliana. Tofauti ilikuwa ndogo mno, kiasi cha sekunde tatu za pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600, lakini ilimtesa. Alificha. Alizibadilisha takwimu ili zipendeze, akaishi na siri hiyo mpaka alipokufa kwa homa ya manjano mwaka 1804. Ni Delambre aliyezikuta karatasi zake. Angeweza kuzichoma ili kuilinda heshima ya rafiki. Badala yake alizikusanya, akazipanga, akaziweka kwenye maktaba ya kituo cha nyota cha Paris ili wa baadaye waone palipokuwa na nini kabla ya kusafishwa. Mimi kila nikimwona mtu anazungusha kitambaa juu ya shaba ya miaka 150 namkumbuka Méchain. Nia haikuwa mbaya. Alitaka tu kazi ionekane safi.

Wapo wanaonijibu kwamba chombo kilipotoka kwa fundi kiling'aa, basi kuking'arisha ni kukirudisha kwenye hali yake. Hoja hii imenichosha, maana msingi wake si wa kweli. Darubini ya vijidudu iliyotoka kwa fundi Nachet wa Paris, au kwa Chevalier kabla yake, haikuachwa shaba tupu. Fundi aliipasha moto shaba, akaipaka vanishi nyembamba iliyotiwa rangi ya dhahabu, na vanishi ile ndiyo iliyoipa ule wekundu wa asali. Dawa ya kung'arisha huila vanishi. Kinachobaki ni shaba uchi, ya njano kali, inayofifia upya baada ya wiki chache, nawe unasugua tena, na tena, mpaka mistari ya vipimo inapungua kina na jina la fundi linakuwa ukungu.

Na jina ndilo lenye habari. Mimi ni muuguzi. Nimewawekea wagonjwa mipira ya mkojo kwa miaka mingi, kwanza nyumbani na sasa huku, na nimeitisha namba 16 au namba 18 mara zisizohesabika bila kujiuliza zile Fr au Ch zilizoandikwa kwenye pakiti ni nini. Fr ni French, yaani Kifaransa. Ch ni Charrière, fundi aliyezaliwa Uswisi mwaka 1803 na kufanya kazi Paris, aliyepanga ukubwa wa mipira kwa theluthi ya milimita. Namba 18 ina upana wa milimita 6, kila mahali duniani, hospitali ya Bombo kwetu Tanga au Lyon. Karakana yake baadaye ikawa ya Robert na Collin, kisha ya Collin peke yake, kwa hiyo jina lililogongwa kwenye kisu au koleo la upasuaji linakutajia umri wake. Mpini nao unasema. Mpini wa mti wa mpingo uliochongwa mistari ya kukwaruza ili usiteleze mkononi ni wa enzi ambayo hakuna aliyechemsha vifaa. Baada ya madaktari kukubali habari ya vijidudu, mipini ya mbao iliondoka na vyombo vikawa vya chuma kitupu. Nimeona masanduku mazuri ya miaka ya 1850 ambayo vyombo vyake vilipelekwa kupakwa nikeli. Yanameremeta, na hakuna tena cha kusoma humo.

Kuna kitu kimoja ambacho mimi sikisugui wala sikinunui: pembe. Piorry, daktari wa Paris, alileta mwaka 1826 kibao chembamba cha pembe ya ndovu cha kuweka kifuani na kugonga kwa kidole ili kusikiliza mapafu. Ni vidogo, vizuri, vingine vina mistari ya sentimita. Lakini mimi natoka pwani ambako pembe zilishuka mabegani mwa watu hadi Bagamoyo na kuvushwa Zanzibar, na hakuna mkaguzi aliyegonga herufi kwenye bega la mpagazi. Wenzangu wakinionyesha, natazama, nashukuru, narudisha.

Nasafishaje, basi? Brashi laini ya kuchorea, kavu. Kitambaa cha pamba. Kwenye uchafu mgumu, maji kidogo yaliyochujwa na subira. Barometa ya zebaki, chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa, silali nayo chumba kimoja na siilazi chini, maana zebaki ni sumu na humwagika. Mizani ya Roberval ninaitia tone la mafuta kwenye makali yake mara moja kwa mwaka. Ile ni mizani ya vitanga vya juu ambayo kila mwenye duka kwetu aliiegemea, na wazo lake mwanahisabati Roberval alilionyesha Paris mwaka 1669. Ukiweka mchele katikati ya kitanga au pembeni, jibu ni lile lile, kwa sababu vyuma vinne vya chini vinakilazimisha kitanga kupanda na kushuka bila kuinama. Yangu ina kutu pande mbili ambako mtu alikuwa akiishika kuisogeza. Kutu ile nimeiacha.

Mwezi uliopita, kwenye mnada wa barabarani kando ya mto Saône, nilikuta pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ile aliyoibuni Adolphe Pinard mwaka 1895. Nilijifunzia kazi kwa ya aina hiyo hiyo, ya aluminiamu, kwenye wadi ya wazazi Tanga, mkunga mkuu akinishika bega na kuniambia nyamaza, usipumue, sikiliza. Hii ya mnadani ilikuwa imekuwa nyeusi na laini upande mmoja tu wa kile kibao cha sikio, mahali shavu la mkunga lilipokuwa likiegemea. Upande wa kushoto. Muuzaji alisema nikimpa nusu saa ataipiga msasa na kuitia vanishi mpya, bila kuongeza bei. Nilimwomba asiiguse. Nilimlipa, nikaifunga kwenye kanga niliyokuwa nayo mkobani, na nilipofika nyumbani niliiweka sikioni, shavu langu likakaa palepale.