Takwimu za uhalifu za mwezi zibandikwe kwenye ofisi ya mtaa

Kamanda wa polisi anapokutana na waandishi wa habari hapa Dar es Salaam, mara nyingi vielelezo hutangulia kuzungumza: televisheni zilizopangwa kwa mstari, kompyuta mpakato, pikipiki, mapanga, viroba vya bangi na madumu ya gongo. Kesho yake magazeti yanatoa idadi ya watuhumiwa waliokamatwa. Mkazi wa Tandale au Mbagala Kuu anasoma, anapata ahueni kidogo, kisha anabaki na swali lake lile lile. Mwezi huu, kwenye kata yetu, nyumba ngapi zimevunjwa? Saa ngapi? Upande wa barabarani au wa bondeni?

Naamini jibu la swali hilo linapaswa kutoka kila mwezi, kwenye karatasi moja, kwa kila kata, na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Hakuna mtambo mpya unaohitajika, kwa kuwa mambo yote hayo yamekwisha kuandikwa kituoni. Taarifa ya mwaka ya uhalifu na usalama barabarani inayotolewa na Jeshi la Polisi pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ni kazi nzuri, na mtafiti au wizara inaitumia. Lakini mama ntilie anayetaka kujua kama afunge kibanda saa mbili usiku au saa nne hawezi kuishi kwa takwimu ya mkoa mzima ambao, kwa sensa ya 2022, una watu 5,383,728.

Takwimu hizi huzaliwa kaunta, na kaunta ndiko huharibikia. Mlalamikaji anafika, anaeleza, tukio linaandikwa kwenye kitabu, anapewa namba ya RB. Ikionekana kuna kosa la kupeleleza, jalada linafunguliwa kwa namba ya IR, linakabidhiwa mpelelezi, maelezo ya mashahidi yanachukuliwa. Kwa hiyo kuna namba mbili, na kila moja inahesabu kitu chake. RB inahesabu taarifa zilizofika. IR inahesabu majalada yaliyofunguliwa. Ukisikia "matukio yamepungua", uliza kwanza ni yapi yaliyohesabiwa, kwa sababu kituo kinaweza kupokea malalamiko yale yale ya mwezi uliopita na kufungua majalada machache zaidi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni simu. Kijana wa kishandu anapita na pikipiki Mwenge au Buguruni, anakwapua simu mkononi mwa abiria aliyekaa dirishani, anatokomea. Aliyeibiwa anahitaji laini yake haraka maana pesa zake zimo humo. Ili kurudishiwa laini anachohitaji ni taarifa ya upotevu, ambayo siku hizi hata mtandaoni inapatikana. Anaijaza, anapata laini, anaendelea na maisha. Kwenye vitabu simu hiyo sasa "imepotea". Wizi haupo! Mwingine anafika kituoni akiwa na nia ya kulalamikia wizi, anaambiwa jalada litachukua muda na ushahidi ni mdogo, naye kwa kuwa ana haraka anakubali iandikwe imepotea. Ikitokea hivyo mara 20 kwa mwezi, kata yenye vishandu kila jioni itaonekana tulivu, na doria itapelekwa kwingine.

Dawa ya hili iko pande mbili. Aliyekwapuliwa simu aseme neno "nimeibiwa" au "nimeporwa", ataje mahali kwa alama inayojulikana, ataje saa, rangi ya pikipiki na uelekeo. Awe na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Namba hiyo unaipata kwa kupiga *#06# simu ikiwa bado mkononi, kwa hiyo iandike leo kwenye daftari la nyumbani, pamoja na namba iliyo nyuma ya televisheni, na namba za chasisi na injini za pikipiki. Vitu vinavyokamatwa kwenye msako na kukosa mwenyewe hukosa mwenyewe kwa sababu hiyo: watu kumi wanadai televisheni moja nyeusi na hakuna hata mmoja mwenye namba. Upande wa polisi, karatasi ya mwezi iwe na safu ya simu zilizoripotiwa kuibiwa na, kando yake, simu zilizoripotiwa kupotea. Safu ya pili ikiwa mara tano ya ile ya kwanza, kila msomaji ataelewa kwamba kuna wizi umejificha humo.

Majina ya makosa nayo yana uzito. Wizi ni kuchukua bila nguvu. Unyang'anyi una nguvu au vitisho ndani yake, na ule wa kutumia silaha, chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake haipungui miaka 30. Kuvunja nyumba ni kosa lingine tena. Tukio moja la kukabwa kwa kisu likiandikwa "wizi", mwathirika amepunjwa na takwimu imepotoshwa kwa pamoja. Polisi wenyewe hupanga makosa katika makundi ya makosa dhidi ya binadamu, makosa ya kuwania mali na makosa dhidi ya maadili ya jamii. Mpangilio huo unafaa makao makuu. Mtaani tunahitaji jina halisi la kosa.

Kisha kuna makosa ambayo hayaripotiwi na mtu, yanapatikana kwa kutafutwa: bangi, gongo, uzururaji. Idadi yake hupanda polisi wanapofanya msako na hushuka msako ukisimama. Kuyachanganya na nyumba zilizovunjwa katika jumla moja ni kosa la hesabu, na linanikera kwa sababu linafanya mwezi ambao askari wamefanya kazi sana uonekane mwezi wa uhalifu mwingi. Yawekwe kwenye safu yake. Tozo za makosa ya barabarani hazina haja ya kuwemo kabisa. Idadi ya madereva waliotozwa haimwambii mtu kama kivuko cha shule kiko salama. Waweke ajali, waliojeruhiwa na waliofariki, na mahali.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ila ina mitego. Tuchukue mfano wa kubuni: kata imeandika matukio 62 Januari na 56 Februari. Mtu atatangaza kwamba uhalifu umeshuka kwa karibu asilimia 10. Gawanya kwa siku. Januari ina siku 31, Februari 28, na kila mwezi ulikuwa na matukio mawili kwa siku. Hakuna kilichoshuka. Mtego mwingine ni namba ndogo. Matukio yakitoka mawili hadi manne, "asilimia 100" ni neno la kutisha watu bure. Andika mawili na manne, watu watajielewea. Afadhali kulinganisha wastani wa miezi mitatu, na mwezi ule ule wa mwaka uliopita. Hata hapo kuna jambo la kuangalia kwenye mji kama huu: Ramadhani huwahi kwa takribani siku 11 kila mwaka, na pilika za futari na manunuzi ya Idi husogea nayo. Machi ya mwaka mmoja inaweza kuwa ya mfungo, ya miaka michache baadaye isiwe.

Kata kubwa na ndogo nazo hazilinganishwi kwa idadi tupu. Kata ya watu 30,000 yenye matukio 12 ina 40 kwa kila watu 100,000. Kata ya watu 60,000 yenye matukio 18 ina 30. Ya pili ina matukio mengi, ila mkazi wa ya kwanza ndiye aliye hatarini zaidi. Kariakoo iachwe nje ya kanuni hii. Wanaolala pale ni wachache, wanaoshinda pale ni umati, na kugawanya wizi wa mchana kwa wakazi wa usiku kunaifanya ionekane jehanamu.

Kuna na shida ya mipaka. Kiserikali mkoa una wilaya tano, lakini Kanda Maalum ya polisi imezoeleka kwa mikoa mitatu ya kipolisi: Ilala, Kinondoni na Temeke. Eneo la kituo halifuati kata. Abiria anaibiwa Ubungo, anagundua akishuka Kimara, anaripoti huko. Kila tukio liandikiwe kata lilipotokea, kisha mkaguzi wa polisi wa kata ndiye akusanye.

Sehemu ya mwisho ya karatasi ifuatilie jalada: yaliyofunguliwa, yaliyofikishwa mahakamani, yaliyofungwa kwa kukosa ushahidi, yanayoendelea. Hapa idadi ya waliokamatwa haitoshi. Watu watano wanaweza kukamatwa kwa tukio moja, na mtu mmoja akawa na matukio matano.

Najua hofu iliyopo. Mkuu wa kituo anaogopa kwamba namba ikipanda ataulizwa yeye. Hofu hiyo ni ya kweli, na wakubwa wake wasipoiondoa, askari wa kaunta atajifunza kuandika kidogo. Namba za Dawati la Jinsia na Watoto la polisi zinapopanda, mara nyingi maana yake ni kwamba wanawake wameanza kuliamini. Kipimo kigumu kuchezewa ni mauaji, maana maiti haifichiki kwa urahisi, na magari yaliyoibiwa, maana mwenye bima hawezi kudai bila kuripoti. Hivyo viwili vitazamwe kwanza. Makosa ya ubakaji yasishuke hadi ngazi ya mtaa hata kidogo. Umri na jina la mtaa vinatosha kumtambulisha mtoto. Yabaki ngazi ya wilaya.

Wengine wanasema takwimu zitaleta taharuki. Januari 2015 jiji hili lilitaharuki jioni moja kwa uvumi wa Panya Road, kundi la vijana waporaji, watu wakifunga maduka na kukimbia kwenye mitaa ambayo hakukuwa na tukio lolote. Hakukuwa na karatasi ubaoni. Kulikuwa na simu na maneno ya kuambizana.

Safu ninayoitaka kuliko zote ni ya saa. Mitaa mingi inachangishana kila kaya kulipa ulinzi shirikishi, na vijana wanazunguka usiku wa manane. Ikiwa karatasi ya miezi mitatu itaonyesha kwamba nyumba nyingi huvunjwa kati ya saa tatu na saa sita mchana, watu wakiwa kazini na watoto shuleni, mkutano wa mtaa unaweza kuhamisha walinzi wawili kwenda zamu ya asubuhi wiki hiyo hiyo, kwa mchango ule ule.