Mzee Kitambi, Ukurasa wa 14 kati ya 17

Umoja wetu wa kuzikana na kukopeshana hapa Sinza, Dar es Salaam, una historia mbaya na karatasi. Katiba ya kwanza ilikuwa kurasa chache zilizobanwa pini moja kwenye kona, hazina namba, na siku moja ule ukurasa wa rambirambi ukageuka. Aliyefiwa na mzazi alikuwa apewe laki tano, ghafla ikasomeka laki tatu. Karatasi yenyewe ilikuwa nyeupe kuliko wenzake na fonti ilikuwa nyingine kabisa, lakini nani kaichomeka, hakuna aliyejua. Kikao kile kilivunjika kila mtu akiondoka na kiti chake kichwani.

Basi tulipoamua kuandika katiba mpya, Mwenyekiti akaja na masharti. Ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mama ambaye hata ukimpa salamu anaisahihisha. Na safari hii hatukuwa tunaandika kwa ajili yetu wenyewe tu. Tangu ije ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu vya kuweka na kukopa vimewekwa daraja la nne na vinatakiwa visajiliwe. Mwenyekiti akanikabidhi mimi, Katibu, karatasi ya daftari yenye wino mwekundu:

"Chini ya kila ukurasa. Kushoto: jina. Kulia: ukurasa wa ngapi kati ya ngapi. Jalada lisiwe na namba. Yaliyomo kwa Kirumi. Ibara zianze na 1."

"Katibu," akaniambia, "mtu akichomoa karatasi, hesabu imkamate."

Wazo zuri, na mpaka leo sina ugomvi nalo. Namba peke yake hailindi kitu, maana ukichomoa karatasi ya mwisho nani atajua? Ile "kati ya" ndiyo askari.

Nikaenda steshenari. Sitaitaja, ila ni zile za kandokando ya Shekilango ambapo chumba kimoja kinatoa kopi, kinapiga passport size, kinajaza fomu za mkopo wa chuo, kinauza vocha na kinahifadhi mizigo ya watu. Kijana wa pale ana vidole vya ajabu. Anachapa huku akimjibu mteja mwingine, huku akimrudishia wa tatu chenji, na hakosei herufi. Nikampa karatasi ya Mwenyekiti pamoja na mswada.

Nilikaa naye bega kwa bega nikitazama. Akagonga mausi mara mbili chini kabisa ya ukurasa. Ibara zote zikafifia zikawa kijivu, ukatokea mstari wa nukta nukta, na kile kijachini, yaani ule mstari wa chini unaojirudia kila ukurasa, kikabaki cheusi peke yake, kinangoja maneno. Akaikata katiba vipande vitatu: jalada peke yake, yaliyomo peke yao, ibara peke yake. Akasema bila hivyo namba za Kirumi haziwezi kukaa nyumba moja na za kawaida. Akabofya hapa, akabofya pale, na kushoto pakatokea "Katiba ya Umoja", kulia "Ukurasa 1 kati ya 17". Safi. Nikamwona kijana msomi.

Wakati wa kulipa, mtandao wa simu ukagoma. Nikampa nilichokuwa nacho mfukoni, ikabaki elfu nne. "Usijali mzee, utanirushia," akasema, na kweli usiku ule nikamrushia. Siku ya kikao akaprinti nakala za wanachama wote, akazibaindi, akazitia kwenye mfuko, bodaboda akazileta moja kwa moja uwanjani kwa Mama Mhazini, ambako tulikuwa tumeshakaa chini ya turubai la kukodi tukinywa chai ya tangawizi.

Nakala zikagawiwa. Jalada lilikuwa zuri, karatasi ngumu ya kijani, plastiki juu, halina namba wala neno chini, kama alivyoagiza Mwenyekiti. Watu wakalipapasa. Mwenyekiti akaanza kusoma Ibara ya Kwanza kwa sauti ile ya darasani.

Hakufika mbali. Tunaye babu mmoja, mstaafu wa bandarini, ambaye husoma kila kitu mpaka maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Akanyoosha mkono.

"Taarifa, Mwenyekiti!"

"Taarifa ipokelewe."

"Hapa chini, mkono wa kushoto. Pameandikwa 'Mzee Kitambi Hajamalizia 4000'. Naomba ufafanuzi. Hii ni ibara au ni tangazo?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa chini ya turubai lote, fyaa, fyaa, fyaa. Ukurasa wa 2, Mzee Kitambi Hajamalizia 4000. Wa 3, Mzee Kitambi Hajamalizia 4000. Kwenye ibara ya maadili ya viongozi, Mzee Kitambi Hajamalizia 4000. Halafu, bila mtu kutoa amri, macho yote yakapanda kutoka kwenye karatasi yakatua kwenye shati langu.

Sasa jamani, kitambi ninacho, sikatai. Nilijaribu kukivuta ndani. Kitambi changu ukikivuta ndani kinarudi na riba.

"Elfu nne za nani?" Mama Mhazini akaruka. "Mbona kwenye leja yangu hazipo?"

"Nimeshalipa," nikasema, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana mpaka dakika ile bado kulikuwa na wawili watatu waliodhani Mzee Kitambi ni mtu mwingine.

Kijana mmoja wa mwisho mwisho, wale wanaokuja kikao kwa ajili ya vitafunwa, akaomba marekebisho. Akasema Ibara ya Pili ni ya tafsiri ya maneno, kwa hiyo pale paongezwe: "'Mzee Kitambi' maana yake ni Katibu, na inajumuisha mtu yeyote atakayekaimu nafasi hiyo." Ikaungwa mkono na nusu ya turubai. Nikamtazama Mwenyekiti anisaidie.

Mwenyekiti hakuwa anacheka. Alikuwa amefunua mwisho kabisa, ameweka kidole chini kulia.

"Ukurasa 14 kati ya 17," akasoma. Akalamba kidole, akafunua nyuma. Hakuna kitu, plastiki tu. "Kurasa tatu ziko wapi?"

Kicheko kikakatika. Kila mmoja akafunua nakala yake mwisho. Zote zilikoma kwenye 14, na zote zilisema kati ya 17.

Nikajaribu kusema kwamba haiwezekani mtu achomoe kurasa zilezile kwenye kila nakala na zimefungwa spairo. Hakuna aliyenisikiliza. Mtu nyuma yangu akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Kumbe ndizo zile elfu nne."

Na hapa ndipo nilipowajua wenzangu. Dakika chache zilizopita hakuna aliyekuwa amefungua katiba hii, lakini sasa kila mtu alikuwa anazikumbuka kurasa tatu zilizopotea neno kwa neno. Mama mmoja akaapa kwamba ukurasa wa 15 ulikuwa na rambirambi ya mkwe, aliuona kwa macho yake, na mkwe mwenyewe alikuwa hoi hospitalini. Mwingine akasema hapana, wa 15 ulikuwa unakataza viongozi kukopa, na ndiyo sababu viongozi wameuficha. Kijana wa vitafunwa akasema ukurasa wa 16 ulikuwa wa posho ya vikao. Babu wa bandarini akangoja wote wamalize, akajikohoza, akasema wa 17 ulikuwa unasema mwanachama aliyetimiza miaka 70 asilipe ada. Watu wakamtazama. "Ulikuwepo," akasema. "Kipengele cha tatu."

Nikadai twende steshenari. Ukaundwa ujumbe: Mwenyekiti, Mama Mhazini na mimi mtuhumiwa. Tukapanda bajaji moja, wao wawili wakinibana katikati nisije nikaruka.

"Shikamoo mama," kijana akasema.

"Marahaba. Nataka kurasa zangu tatu."

Kijana akacheka, akaona hachekwi naye, akaacha. Akafungua faili, akabonyeza Alt na F9. Kule chini maneno yakapotea, pakatokea mabano ya mawimbi na maandishi ya kimashine: kulia NUMPAGES, kushoto FILENAME. Mama Mhazini akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ya kulia inahesabu karatasi zote za faili, mama," kijana akaeleza. "Mpaka jalada. Jalada moja, yaliyomo mbili, ibara kumi na nne. Wewe umesema ibara zianze na 1, zikaanza na 1, zikaishia 14. Lakini yenyewe haijui ulianzia wapi, inajumlisha tu."

Mwenyekiti akahesabu kwenye vidole. Moja, mbili, kumi na nne. Kumi na saba. Nilimwona akikunja uso kwa masikitiko. Nadhani adhabu yangu alikuwa ameshaiandaa njiani.

"Sasa mbona hukuweka inayohesabu ibara peke yake?"

"Ipo mama, inaitwa SECTIONPAGES, inahesabu ile sehemu tu. Hukusema." Akaibadilisha palepale kwa vidole vyake, akarudisha maneno, ikasomeka 14 kati ya 14. Bila kelele, bila kikao.

"Na Mzee Kitambi?" nikauliza mimi.

Hapo kijana akapunguza sauti. "Mzee, karatasi ilisema 'kushoto: jina'. Nikaweka jina la faili. Siku ile faili lilikuwa linaitwa Katiba ya Umoja, likakaa vizuri, ukaliona. Ulipoondoka, nikakuta nina Katiba ya Umoja zaidi ya nne humu ndani, za vikundi vya watu. Nikabadilisha jina nisizichanganye. Sasa ile ukibadilisha jina la faili, na yenyewe inajibadilisha siku ya kuprinti."

"Ndiyo ukaniita hivyo?"

"Wateja nawaweka kwa sura, mzee. Majina nasahau."

Akafuta FILENAME, akaandika jina la umoja kwa mkono. Tukapitia kurasa. Kwenye ibara Mzee Kitambi ameondoka. Tukapanda juu kwenye yaliyomo, yupo, amekaa chini ya i na ii kama mwenye nyumba. Kijana akajipiga paji la uso. Kumbe kile kitufe kinachofanya kijachini cha sehemu moja kifuate cha sehemu iliyotangulia alikuwa amekizima, kwa hiyo kila sehemu ina chake. Ukimfukuza huku, kule hana habari. Akamfukuza na kule.

Ningeondoka hapo nikiwa na furaha yangu. Lakini kijana alipolifunga lile faili, uso wa kompyuta ukabaki wazi, umejaa mafaili kutoka ukuta hadi ukuta, na Mwenyekiti alikuwa bado amevaa miwani. Akaanza kusoma taratibu, kwa sauti, kama anaita mahudhurio. Dada Kucha Ndefu CV. Bwana Harusi Ana Haraka. Mchungaji Anataka Bure. Baba Mapacha Risiti.

Akafika kwenye kona, akanyamaza. Nikainama nione. Bibi Miwani Anabishana Bei.

"Kijana," akasema, "hii ni nini?"

Kijana akaanza kupanga chenji ambayo hakuna aliyeidai.

"Ni ile barua yangu ya mwezi uliopita? Ya kwenda ofisi ya kata kuomba ukumbi wa mkutano?"

"Ndiyo, mama."

"Ile niliyokuambia uweke jina langu na namba chini, iwe kama za kiofisi?"

"Ndiyo, mama."

Mama Mhazini alikuwa ameshageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Kesho yake asubuhi tulikuwa ofisi ya kata. Mwenyekiti alitaka kuiomba barua ile airekebishe kabla haijasomwa na mtu. Karani akatupokea vizuri sana, akasema barua ilishasomwa, ilishapigwa muhuri wa kupokelewa, na ukumbi tumepewa. Jibu lenyewe lilikuwa tayari kwenye trei, linangoja mwenyewe. Mwenyekiti huwa anasaini kwa mkunjo mmoja wa kizamani ambao hata benki huwa wanamwita arudie, kwa hiyo mtu aliyeandika jibu alikuwa ametafuta jina mahali linaposomeka, akalipata chini kushoto, akalifupisha kwa adabu.

"Kwa: Mwenyekiti, Bi. Miwani A. Bei."

Karani akasukuma daftari la kupokelea barua. Jina lilikuwa limeshaandikwa, imebaki saini tu, na bila saini barua haitoki. Mwenyekiti akanitazama mimi, akalitazama daftari, akauliza kama ukumbi una feni. Karani akasema zipo.

Akasaini.