Nguzo Zilizotiwa Sinthetiki

Kitabu cha maelekezo cha pikapu ya baba mkwe kililiwa na mchwa. Kilikuwa stoo, kule Muheza, ndani ya sanduku la mbao pamoja na vyeti vya ubatizo vya nusu ya ukoo wa jirani (usiniulize vilifikaje huko). Siku sanduku linafunguliwa, kilibaki jalada la mbele, jalada la nyuma, na katikati udongo mwekundu. Nawataja mchwa mapema kwa sababu wao ndio walioanzisha kesi hii, na ukifika mwisho utaona haki yao walipewa.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya zamani, injini inayoitwa 5L. Anayezijua anazijua: dizeli, silinda nne, cc 2,986, haina turbo, haina kompyuta, ukiiwasha asubuhi jogoo wananyamaza kwa heshima. Mzee huibebea machungwa kutoka shambani mpaka barabara kuu. Tangu aipate ameinywesha oili ya aina moja tu, namba 40 tupu, ile ambayo muuza spea wa njia panda anaipima kutoka kwenye pipa. Ukimwuliza kwa nini habadilishi, anakujibu, "Mbona yenyewe haijalalamika?"

Sasa mimi ni mkwe wa pili. Mkwe wa kwanza alishamchimbia mzee kisima. Kisima! Kila nikienda Muheza, nikipewa maji ya kunawa, lazima mtu aseme, "Haya ni ya kile kisima cha mwenzio." Nikaapa kwamba na mimi nitaacha alama. Kisima sina uwezo nacho, lakini oili nzuri ya injini, hilo naliweza.

Kwa kuwa kitabu cha maelekezo kilishaliwa na mchwa, nikaingia darasani mwenyewe. Wiki tatu, usiku kwa usiku, nimelala na simu usoni nikisoma habari za oili. Mke wangu akaniambia, "Wewe hata mimi hukunichunguza hivi." Nikamwambia wewe hukuwa na namba mgongoni.

Maana shida ni zile namba. 5W-30, 10W-40, 15W-40, utadhani ni namba za viti kwenye basi la Tanga. Fundi wangu wa Tabata, mtu niliyemwamini miaka sita, aliniambia ile W maana yake ni dunia, yaani hiyo oili inatumika dunia nzima. Kumbe ni W ya majira ya baridi ya Wazungu. Namba iliyo mbele yake inasema oili inakuwa nzito kiasi gani injini ikiwa ya baridi, na ya nyuma inasema uzito wake ukoje injini ikishachemka, na kipimo hicho huchukuliwa kwenye nyuzi joto 100. Kwa 5W, ile baridi wanayoipimia ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Kisha kuna herufi: zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Hapo nilishtuka, maana nilishachagua moja yenye galoni zuri sana, rangi ya dhahabu, kumbe ni S peke yake.

Na lile neno sinthetiki wanaloliandika kwenye magaloni nalo lina mambo. Kuna inayoundwa kiwandani molekuli kwa molekuli, na kuna inayoanzia kwenye mafuta ghafi ya kawaida, ikachakatwa sana mpaka ikajisahau ilikotoka. Huko Marekani kampuni mbili kubwa ziligombania neno hilo, na mwaka 1999 wasuluhishi wa matangazo wakaamua kwamba hata ile ya pili inaruhusiwa kujiita sinthetiki. Nilivyosoma hayo nilikasirika usiku wa saa saba kana kwamba nina hisa.

Basi, nikaenda Gerezani, Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea. Nikachagua 5W-40, sinthetiki kamili, CI-4, galoni la lita tano na kopo la lita moja, pamoja na filta. Shilingi laki na themanini. Sili nikazikagua kama afisa wa forodha. Kwenye basi nilikaa nimelipakata galoni mapajani, na mama mmoja wa kiti cha pili akaniuliza kama ni asali. Sikumlaumu. Kweli ilifanana.

Nikafika Ijumaa asubuhi. "Shikamoo baba." "Marahaba mkwe. Hiyo ni asali?"

Nikamketisha mzee pale barazani nikamhutubia. Nikamwambia, baba, oili hii haikauki kirahisi kwa joto kama za kawaida. Nikamwambia inashika, hata injini ikizimwa inabaki imelalia vyuma. Inazuia vyuma kulika. Haigandi. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri inapita kama maji.

Mzee akatazama nje. Jua la Muheza lilikuwa limeshawalaza mbuzi.

"Nyuzi 30 chini ya sifuri," akasema taratibu. "Hapa?"

"Kwa mfano, baba."

"Na inakaa muda gani?"

"Muuzaji anasema kilomita elfu kumi."

"Haya mwanangu. Fanya."

Nikaiwasha injini ikapata moto kidogo, kama nilivyosoma, ili uchafu ushuke vizuri. Nikaingia uvunguni na spana, nikalegeza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ikatoka nyeusi kama lami ya barabara ya Segera, ikajaa beseni. Nikafungua filta. Halafu nikasema isichuruzike robo saa kama wanavyofanya mafundi wa haraka haraka, bali ichuruzike mpaka tone la mwisho. Kwa oili ya laki na themanini huchanganyi na masalia. Adhana ikaita. Galoni na kopo nikaviweka kivulini pale nyuma ya tairi, jua lisije likavigusa, nikarudi ndani kunawa. Kwa maji ya kile kisima, naam.

Tukaenda msikitini, mimi na mzee, kwa miguu.

Jambo nisilolijua ni kwamba mzee alikuwa anajenga banda jipya la kuku. Nguzo kumi na mbili za mkaratusi zilikuwa zimelazwa uani zikisubiri kufukiwa. Na kila mtu wa kwetu anajua, nguzo haifukiwi hivi hivi, inapakwa kwanza oili chafu ili mchwa wasiiguse. Kwa hiyo mzee alipoona namwaga oili alifurahi mno. Haikuwa kwa ajili ya injini. Alifurahi kwa ajili ya beseni. Akampigia fundi seremala palepale njiani kuelekea msikitini, na mimi nikiwa ubavuni nikisikia kila neno na nisielewe neno: "Njoo. Dawa ya mchwa ipo, iko pale kwenye pikapu. Paka nguzo zote, usibanie."

Usibanie! Nalikumbuka lile neno mpaka leo.

Tuliporudi, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba uani kunang'aa. Nguzo kumi na mbili zimesimamishwa ukutani, zinameremeta kama zimetoka chumba cha maonyesho. Fundi seremala amekaa kwenye ndoo, brashi mkononi, anazipepea kwa kipande cha boksi. Beseni la oili nyeusi liko palepale uvunguni, halijaguswa, kifaranga mmoja amesimama ukingoni anajitazama.

"Mzee," akasema yule fundi kwa heshima zote, "dawa yako ni nzuri sana, lakini haikauki. Nimepepea tangu saa saba."

Nikatazama galoni. Limelala chali, tupu, mdomo wazi.

Sauti iliyonitoka sijui ni ya mnyama gani. Nikamwuliza fundi, ndugu yangu, hukuona beseni? Akasema aliliona, akadhani ni maji machafu ya kuoshea gari. Lakini hili galoni, akasema, lina sili, lina maandishi ya kitaalamu, ndipo akajua mzee safari hii ameamua. Na tena alisoma kabla ya kupaka, yeye si mtu wa kukurupuka. Akaliokota, akaniwekea kidole pale kwenye Kiingereza.

"Hapa si pameandikwa inazuia kulika? Na mchwa kazi yao nini, si kula?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kwa kukata tamaa nikachukua kitambaa nikaanza kuifuta nguzo ya kwanza na kukamulia kwenye sufuria. Nilishakamua kama nusu kikombe, chenye rangi ya chai ya maziwa, na maganda ya mkaratusi, na unyoya mmoja. Mzee akaja akachungulia.

"Hiyo usitie kwenye gari, mkwe. Hiyo sasa ni mchuzi."

Kisha akafanya kitu ambacho ningependa asingekifanya. Akasogea kwenye nguzo, akapitisha kidole polepole kuanzia juu mpaka chini. Akakisugua kwa dole gumba. Akainusa. Akatulia kama anaonja pilau.

"Inashika," akasema. "Ulisema kweli. Na haikauki. Na hilo ulisema."

Nikakumbuka kopo la lita moja. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, kopo dogo je? Fundi uso ukachangamka: "Lile lipo! Nimeliweka la kupaka mkono wa pili."

Hapo simu ya mzee ikalia. Mnunuzi wa machungwa, lori lake limeshafika barabara kuu, anaondoka saa kumi kamili. Saa ilikuwa nane na nusu, machungwa yako shambani kwenye magunia, na injini haina hata tone. Niliichuruzisha mpaka la mwisho, si unakumbuka?

Nikarukia bodaboda mpaka njia panda. Muuza spea akaniuliza gari gani, nikamwambia ni pikapu ya mzee fulani. Hakuuliza namba, W wala herufi. Akachukua dumu, akafungulia bomba la pipa akapima lita sita za namba 40 huku anaongea na simu. Nikasimama pale na elimu yangu yote ya wiki tatu, nikalipa, nikapakatia dumu lisilo na kifuniko, mfuniko wake ukiwa gunzi la muhindi. Suruali niliyovaa ilikuwa ya Ijumaa. Kila shimo la njia lilichukua haki yake.

Nikafunga filta mpya, nikakaza nati, nikamimina. Kidole kilikuwa kinanitetemeka nikipima kwa kijiti. Mzee akapanda, akageuza ufunguo. Ikawaka mara moja. Ikanguruma vilevile kama jana na juzi. Nikiisikiliza vizuri, nadhani ilikuwa inacheka.

Machungwa yaliwahi, kwa dakika chache. Jioni, wakati wa chakula, hakuna aliyenisema. Ndiyo ubaya wa ukweni, hawakusemi. Mama mkwe alinipakulia paja la kuku akanikaribisha kwa upole wa kuogopesha. Shemeji mdogo tu ndiye aliyeshindwa kujizuia, akauliza kama ni kweli banda la kuku sasa linaweza kuwaka kwenye baridi ya Ulaya. Akatolewa nje. Nikamsikia anacheka mpaka kwenye migomba.

Nguzo zilifukiwa kesho yake. Zilikuwa zinateleza kiasi kwamba walizibeba na magunia mikononi, na moja iliponyoka ikamkosa fundi kwa inchi. Kwa miezi miwili jogoo wa mzee alikuwa na upande mmoja wa manyoya unaong'aa, ule anaojisugulia kwenye nguzo. Wageni walikuwa wakiuliza ni mbegu gani.

Mwezi uliopita simu ikaita, jina la baba mkwe. Nikasimama kwanza ndipo nikapokea, kama kawaida yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Hamjambo huko? Nina swali dogo, la kitaalamu."

"Niulize baba."

"Ile oili ulisema inakwenda kilomita elfu kumi."

"Ndiyo baba."

"Sasa banda tangu tulisimamishe halijatembea hata mita moja." Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nikasikia watu wamezibwa midomo. "Kwa hiyo mwaka huu hatubadilishi?"