Mkutubi na Wikipedia: kukemea au kuingia?

Maktaba za vyuo hapa Dodoma hazikosi onyo hili: Wikipedia si chanzo, usiinukuu. Mwanafunzi anaitikia, anatoka nje, anaifungua kwenye simu.

Wanaokemea wana hoja. Mwaka 2005 ukurasa wa mwanahabari wa Marekani, John Seigenthaler, ulimhusisha kwa uongo na mauaji ya Rais Kennedy, na uongo huo ukakaa zaidi ya miezi minne. Wanaoitetea nao hutaja mwaka huohuo: jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi, likakuta wastani wa makosa kama manne kwa kila makala ya Wikipedia na matatu kwa Britannica, ensaiklopedia ya kulipia inayoandikwa na wataalamu. Britannica waliupinga vikali ulinganisho huo.

Kwetu, lakini, tatizo kubwa zaidi ni wembamba kuliko uongo. Fungua Wikipedia ya Kiswahili, tafuta kata yoyote ya mkoa huu. Mara nyingi utapewa jina la wilaya, postikodi na idadi ya watu kwenye sensa, basi. Hakuna kosa hapo, wala hakuna cha kujifunza.

Hapa ndipo mkutubi ana kazi. Chukua swali jepesi: Dodoma ilifanywa makao makuu ya nchi lini? Uamuzi ulipitishwa 1973, Bunge likahamia 1996, agizo la Serikali kuhamia likatolewa 2016, sheria ya kuitangaza makao makuu ikapitishwa 2018. Jedwali la pembeni mwa ukurasa hupenda mwaka mmoja tu. Mkutubi anayemfungulia mwanafunzi historia ya ukurasa, akamwonyesha nani alibadilisha nini na lini, kisha akamtolea hiyo sheria yenyewe, amemfundisha zaidi ya bango la katazo.

Tangu 2016 ipo pia kampeni ya kimataifa inayomtaka kila mkutubi aongeze rejeo moja kwenye Wikipedia. Naiunga mkono, kwa shingo upande kidogo. Rejeo linalobandikwa ili hesabu ya kampeni ipande, na aliyelibandika hajasoma kitabu, ni pambo. Halafu nani atampa mkutubi wetu muda huo, wakati tathmini yake inahesabu vitabu vilivyoazimwa?

Ugumu wenyewe uko kwenye kanuni. Wikipedia hudai chanzo kilichochapishwa. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, imeandikwa vya kutosha, imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Lakini mzee wa Kigogo anayejua asili ya ukoo wake na maana ya nyimbo za jando hana ukurasa wa kunukuliwa. Kulegeza kanuni ni kumfungulia mlango kila mzushi. Kuikaza ni kuuacha Ugogo, nchi ya Wagogo, nje. Mimi ningeanza na maktaba: irekodi masimulizi kwa ridhaa ya wazee, iyachapishe kwa jina lake, ndipo yanukuliwe. Ni njia ndefu, na inahitaji bajeti ambayo maktaba nyingi hazina hata ya kununua magazeti.